Skrini ya Wateja

Mtu akifa Eldoret na jamaa zake wakataka programu ya mazishi iliyopangwa vizuri, mapema au baadaye watapanda ngazi za jengo lile lenye duka la mbegu chini, ngazi zinazonuka dawa ya kupe, na kuingia kwa Nangila. Hawaji kulia. Kulia wamekwisha kulia nyumbani na mochari. Wanakuja na flashi, au simu yenye ufa kiooni, au karatasi iliyokunjwa hadi ikachanika kwenye mikunjo, na mmoja wao, yule mwenye sauti, husema, "Madam, tunataka ya rangi. Na picha ya mbele iwe kubwa."

Nangila huwapa pole kwanza. Kisha huuliza jina la marehemu, na akishaliandika hulisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, hata likiwa jina fupi ambalo mtoto wa chekechea angeliandika. Ni mwanamke wa hamsini na kitu, mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuja mjini kutoka upande wa Kimilili baada ya kumaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga taipu, na tangu wakati huo vidole vyake havijajua kazi nyingine ya mshahara. Amepiga barua za vyama vya ushirika, mitihani ya shule, kadi za harusi za watu ambao baadaye alipanga programu zao za mazishi. Ana desturi moja iliyomjengea jina: orodha ya majina huisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. "Ukianzia juu," husema, "jicho linasoma linachokijua, si kilichoandikwa."

Duka ni la Wilson Kipyego, mkulima wa Ainabkoi anayelijua trekta kuliko kompyuta. Alipochoka na virusi vilivyoingia na kila flashi ya wafiwa, alimleta fundi akaifuta mashine yote na kuweka Linux, mfumo usioshikwa na virusi kirahisi. Fundi alimaliza, akanywa soda, akaenda zake. Nangila akabaki na mashine ambayo kila kitu ndani yake kilikuwa kimehama. Alijifunza kuitumia jinsi mtu anavyojifunza jikoni kwa mama mkwe: anafungua kabati moja moja bila kuuliza, na akikosea anafunga polepole.

Shida iliyobaki haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya watu. Familia nzima ilisimama nyuma ya kiti chake ikimpumulia shingoni, kidole cha huyu kikipita karibu na sikio lake, mkoba wa yule ukimgonga begani. "Hapo, hapo, ongeza Engineer!" Na bado makosa yalipita. Kuna familia moja iliyozika Timboroa ambayo ilikuwa imeketi kanisani, programu mkononi, ndipo ikaonekana kwamba mtoto wa tatu ametangulia wa pili. Mazishi yalipoisha walirudi kwa Nangila kutafuta wa kulaumiwa, wakampata. Wilson aliwasikiliza mpaka wakachoka. Wiki iliyofuata alipanda ngazi amebeba skrini ya pili, mtumba wa Uingereza, ameifunika blanketi kama mtoto mchanga.

"Wakae mbele huko kwa benchi," alisema, "wajionee wenyewe, waseme ndiyo. Mtu akisema ndiyo, imeisha. Mashine ni yako, Mama Faith. Panga."

Haikupangika kwa urahisi. Kebo ya skrini haikuwa na pa kuingia. Tundu la aina yake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na skrini ya kwanza. Lilikuwepo jingine jembamba ambalo Nangila hakuwahi kulitumia, na ilibidi ashuke hadi kwa wauza vifaa vya simu kutafuta kipande cha kuunganishia. Alipokipata, skrini iliwaka, ikasema haipati kitu, ikalala. Akaichomoa, akaichomeka, akaizima mashine na kuiwasha tena, safari hii skrini zote mbili zikiwa macho. Ikakubali. Lakini ilionyesha kile kile kilichokuwa kwenye skrini yake, na hicho sicho alichotaka. Hapo wateja wangekuwa bado wanampumulia shingoni, ila kwa mbali.

Katika mipangilio, Linux ilimchorea visanduku viwili, kimoja kimelalia kingine, na kando yake alama iliyoandikwa Mirror, yaani kioo: kinachoonekana huku kionekane kule. Akaiondoa alama. Akakivuta kisanduku cha pili pembeni, na mara skrini mbili zikawa meza moja ndefu. Ila mshale ukienda kulia uligonga ukuta, ukienda kushoto ulitokea kwa wateja, kwa sababu skrini ilikuwa imesimama kulia kwake na mashine ikidhani iko kushoto. Akakihamisha kisanduku. Sasa menyu zote zikakimbilia upande wa wateja. Akaiambia mashine kwamba skrini yake ndiyo kuu. Kisha stima ikapotea, kama kawaida ya stima, na iliporudi Linux ilikuwa imesahau kila kitu. Hapo akatafuta mtandaoni, akasoma malalamiko ya watu wa nchi za mbali waliosahauliwa vile vile, akapata amri ya mstari mmoja mrefu. Aliiandika kwa uangalifu ule ule wa kuandika jina la marehemu, akaiweka mahali ambapo mashine huisoma kila inapoamka. Haikusahau tena.

"Huku ni jikoni," alimweleza Wilson akigusa skrini yake. "Kule ni sebuleni. Mgeni anaona sahani, haoni maganda ya vitunguu."

Skrini ya wateja ilimpa Nangila mgongo na kuwapa watu wa benchi uso. Asipoisukumia kitu, walichokiona ni picha ya shamba la ngano lenye jina la duka. Yeye alikata, akapanga, akakosea na kusahihisha upande wake, kisha akausukuma ukurasa uliokamilika uvuke.

"Na mimi nikitaka kuitumia?" Wilson aliuliza.

"Utaniuliza."

"Duka ni langu, halafu nikuulize?"

"Hata trekta ni lako. Umewahi kuona nikiligusa?"

Wilson alicheka mpaka akakohoa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliipenda. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Pioneer, na ndani ya nyumba hiyo, kwa miaka iliyotosha mtoto kuzaliwa na kufika chuo, aliishi na Edwin Ondiek.

Ondiek alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza maziwa. Vituo vya maziwa vya kutoka Ainabkoi hadi Timboroa vilimjua. Mtambo ukinyamaza usiku, asubuhi yeye yuko pale na spana, koti limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa mtu mpole na mwenye mzaha, na alikuwa na mke. Nangila alilijua hilo Faith, binti yao, akiwa bado anatambaa. Ondiek alimwambia mwenyewe, wakila ugali.

"Niko na bibi nyumbani. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza."

Nangila alinyanyua sahani yake akala jikoni akiwa amesimama. Lakini hakuondoka. Ondiek aliahidi kwenda kwa wazazi wa Nangila, na kweli walienda, mara moja, yeye na mdogo wake Omollo, na sukari na blanketi la mama. Kuku akachinjwa. Omollo alipewa firigisi kwa heshima, akaila akisifu, na kuanzia siku hiyo akamwita Nangila shemeji. Walikubaliana kurudi na ng'ombe wa mahari. Hawakurudi. Kila Desemba Ondiek alipanda gari la Kisumu na mzigo wa zawadi, na kila Januari alirudi Pioneer, na maisha yakaendelea hivyo, kama mlango usio na kitasa: haufungwi, haufunguliwi.

Kitu kimoja tu alikifanya bila kuahirisha. Mtoto alipozaliwa, Ondiek alimwita kwa jina la mama yake mwenyewe: Faith Adoyo.

Kifo kilimkuta Ondiek kwenye kituo cha maziwa, asubuhi ya ukungu. Aliinama kuangalia mota, hakuinuka. Waliokuwa naye walichukua simu yake, wakatafuta palipoandikwa Nyumbani, wakapiga, na aliyepokea alikuwa Nangila. Ni yeye aliyefika hospitali. Ni yeye aliyempigia Omollo. Na jamaa walipofika kutoka upande wa Ziwa, ni yeye aliyesogea kando mwenyewe, kama mtu aliyekuta mwenye kiti amerudi.

Faith alikuja kutoka chuo akiwa na begi dogo. Hakulia mbele ya mama yake. Siku ya pili, wakichambua mboga, alisema, "Mama, mimi sitaki shamba. Sitaki kukaa kwenye hema ya familia. Nitasimama nyuma na watu. Lakini nataka niwe nimeandikwa. Jina langu liwe pale na ya wengine."

"Litakuwa."

"Unasema hivyo au unajua?"

"Programu natengeneza mimi."

Omollo alikuja dukani kabla ya wengine. Alisimama mlangoni akikunja kofia.

"Shemeji, hatuna picha. Zile za nyumbani ni za zamani, bado ana nywele. Na tumesikia kila mtu akisema kazi ya programu ni hapa."

Nangila alikuwa na picha. Ilipigwa siku ya zawadi shuleni kwa Faith, kidato cha nne: Ondiek katika suti ya kijivu, anacheka kwa meno yote.

"Nitakupa," alisema. "Na wewe umweke Faith kwa orodha ya watoto."

"Hiyo niachie. Nitaongea na Mama Kevin polepole. Ni mtu wa kuelewa."

"Anajua kwamba niko?"

"Polepole, shemeji."

"Utaongea lini?"

"Kabla hatujaprint. Kwani hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Wakapatana mkutano uwe Jumatano. Asubuhi ya Jumatano hiyo, kabla Nangila hajafika, Wilson alifungua duka kwa ufunguo wake. Alitaka kuagiza mbegu za ngano kwa barua pepe. Aliiwasha mashine, akautikisa mshale, mshale ukakimbilia kwa wateja, na dirisha alilofungua likafungukia huko huko. Wilson alizunguka meza akalisoma akiwa kwenye benchi. Akarudi kwenye kiti kuandika, hakuona anachoandika. Akazunguka tena. Mwisho akakumbuka visanduku viwili alivyowahi kuonyeshwa, akavitafuta, akaiona ile alama ya kioo, akaibonyeza. Skrini zote mbili zikaonyesha kitu kimoja. Akaagiza mbegu zake, akafunga alichofungua, akaiacha mashine ikiwaka, akatoka ameridhika. Kwake lilikuwa jambo la kusogeza kiti. Halikumjia wazo la kumwambia mtu.

Mchana Omollo aliingia akimtanguliza mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi, mwalimu wa chekechea kwao, mgongo wake umenyooka kama wa watu waliozoea kutazamwa na watoto. Nangila hakuhitaji kuambiwa kwamba huyu ndiye Akello, Mama Kevin, mke wa Ondiek. Alisimama.

"Pole sana, Mama."

"Asante, mami," Akello alijibu, akampa mkono wa pili pia.

"Huyu ndiye Madam anayetengeneza," Omollo alisema, akageukia kalenda ya ukutani.

Madam. Nangila aliketi, akaichukua flashi.

Alifungua maandishi upande wake, ule wa jikoni, na kuanza na wasifu. Mwana wa marehemu Mzee fulani na marehemu Mama Adoyo. Akaufikia ukurasa wa watoto, akausoma kutoka mwisho. Kevin alikuwa wa mwisho. Juu ya Kevin dada yake, juu yake mwingine, hadi kifungua mimba. Akasoma tena, safari hii kutoka juu, kana kwamba jina lingeogopa kusomwa kinyume. Faith hakuwemo. Akello kule kwenye benchi alikuwa ameikazia macho skrini ya wateja; Nangila akadhani anatazama ngano.

"Majina ni haya yote?" aliuliza.

"Ni hayo kwa sasa," Omollo alisema.

"Kwa sasa?" Akello alimgeukia.

"Yaani... Madam huwa anapenda kuuliza."

"Ni hayo yote, Madam. Ni mimi nimewazaa, siwezi sahau mmoja."

Nangila alimtazama Omollo juu ya miwani. Omollo akapangusa shingo.

"Tuanze na picha kwanza," alisema haraka. "Majina baadaye. Weka picha, Mama aone."

Kuanza na picha kulimaanisha kuikata, na kuikata kulimaanisha kuifungua nzima. Nangila aliifungua upande wake bila wasiwasi, jinsi mtu anavyomenya kitunguu mgeni akiwa sebuleni. Ondiek akajaa kwenye skrini na kicheko chake. Kando yake Faith, sare ya shule, cheti mkononi, kichwa kimeegemea kwa baba yake na mkono wake umepita mgongoni hadi vidole vikatokea juu ya bega la kijivu. Nangila alikuwa amechora nusu ya mstari wa kukatia aliposikia benchi ikilia na Akello akiuliza.

"Huyu msichana ni nani?"

Alidhani mtu ameingia. Akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Akatazama mbele, akaona kidole cha Akello kimegusa uso wa ile skrini ambayo yeye aliona mgongo wake tu. Aliinuka, akainama juu ya meza, akachungulia. Ngano haikuwepo. Alikuwepo Ondiek, alikuwepo Faith, na mstari wake wa kukatia ukiwa katikati yao.

"Ah, huyo?" Omollo alikuwa amesimama. "Huyo ni... ni mtoto wa landlord. Walikuwa na sherehe fulani."

"Mtoto wa landlord."

"Eeh. Si unajua ndugu yangu alikuwa mtu wa watu."

"Namjua," Akello alisema. "Na hiyo paji la uso pia naijua. Ni ya mama mkwe wangu. Nimeipaka mafuta mpaka siku alikufa."

Chini, kwenye duka la mbegu, mtu alikuwa akibishana juu ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Lilisikika kila neno.

"Ni wangu," Nangila alisema. "Na ni wa Ondiek. Anaitwa Faith Adoyo."

Akello hakupiga kelele. Aliirudisha mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Adoyo," alisema. "Mimi niko na wasichana wawili. Nilimwomba mmoja apewe jina la mama. Akaniambia bado. Wa pili akazaliwa, akaniambia bado. Kumbe alikuwa ameshalitumia."

"Mama Kevin, tulikuwa tukuambie polepole..."

"Omollo, nyamaza. Wewe ulikula huko."

Omollo akaketi.

Nangila alibaki amesimama, viganja mezani. Maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha kichwani yalikuwa ya kuambiwa Omollo, si mwanamke huyu. "Mama Kevin," alisema, "sikuja kudai kitu. Mtoto pia hadai. Ni jina tu. Hata likiwa la mwisho kabisa, chini ya Kevin."

"Hakuna jina tu." Akello alisema kwa sauti ile ile ya mtu anayeeleza hesabu. "Hii karatasi watu wataenda nayo nyumbani, wataiweka. Siku ya kugawana, mtu ataitoa kortini aseme, tazama, wenyewe waliandika. Nimeona kwa jirani yangu. Na shamba yenyewe ni ya mahindi ya kula. Kevin bado yuko shule."

"Hataki shamba."

"Leo hataki. Kesho ataolewa, bwana yake atataka. Hebu niambie ukweli, mami. Ungekuwa mimi, ungeandika?"

Nangila alilitafuta jibu kwa haki, kama alivyotafuta makosa kwenye majina ya watu. Alilipata, na hakulisema.

"Tumwandike na marafiki," Omollo alisema ghafla, uso ukimng'aa. "Si kuna ile sehemu ya jamaa na marafiki? Rafiki wa familia. Hapo hakuna korti."

Wanawake wote wawili walimgeukia, na kwa mara ya kwanza mchana huo walikuwa na sura moja.

"Mtoto si rafiki," Nangila alisema. Akaketi, akafunga mikono kifuani. "Basi sikilizeni. Picha ni yangu. Bila jina, hakuna picha."

"Sawa." Akello aliinuka, akachukua mkoba. "Tutaweka ile ya kitambulisho. Omollo, twende tutafute pengine."

Nangila aliijua picha ya kitambulisho. Ondiek mwenyewe alikuwa akiicheka, akisema polisi wakiiona watamkamata bila kuuliza kosa. Macho yamekodoka, shati limekosewa vifungo. Aliiona sasa kwenye kila goti la waombolezaji, watu wa vituo vya maziwa, watu wasiowahi kumjua, wote wakimtazama mwizi wa kuku. Alikuwa amewapangia maiti wa watu wengine sura nzuri maisha yake yote. Huyu wa kwake aende na ile?

Angeweza kuwaacha washuke ngazi. Baadaye alijiambia hilo mara nyingi, akiosha vyombo, akifunga duka. Walikuwa wamefika mlangoni.

"Ketini," alisema.

Hawakujadili tena. Akello hakurudi kwenye benchi. Alizunguka meza akasimama upande wa Nangila, akaweka ukucha kwenye skrini, katikati ya mabega mawili. "Kata hapa." Nangila akakata. Faith akaondoka na sare yake na cheti chake, lakini vidole vyake vilibaki juu ya bega la baba yake, vinne, bila mwenyewe.

"Na hiyo?"

"Hiyo haikatiki. Nikiikata nakata bega."

"Ifanye ipotee."

Inawezekana, ni kazi ya kila siku. Unachukua kipande cha suti mahali pasafi, unakilaza juu ya usichotaka, kidogo kidogo, ukifuata mwelekeo wa uzi ili kivuli kisisaliti. Nangila alianza na kidole cha shahada. Kikazama ndani ya kijivu. Kisha cha kati, kisha cha pete. Kidole kidogo kilikuwa kimegusa ukosi, na ilibidi aushone ukosi upya, mshono kwa mshono, karibu kabisa na shingo aliyoijua harufu yake. Alikuwa akipumua kwa mdomo. Nyuma yake Akello pia. Ile alama ya kioo Nangila hakuiondoa. Omollo, peke yake kwenye benchi, aliona kila kidole kikienda, mpaka akainamisha kichwa na kuanza kusoma simu iliyozimika.

"Anacheka," Akello alisema kazi ilipoisha. Alisema kama anayelalamika. "Nyumbani hakuwa anacheka hivi."

Akasaini nakala ya kwanza kwa mwandiko wa ubaoni, akashuka. Omollo alichelewa mlangoni.

"Shemeji, usiniweke kwa roho."

"Madam," Nangila alisema. "Ulinitambulisha Madam. Iwe hivyo."

Ijumaa mashine ya kuchapa ilifanya kazi siku nzima. Wilson alipita kuangalia mambo, akaichukua programu moja juu ya rundo, akaisifu. "Huyu mzee ametoka smart. Unamjua?" Kisha, kabla hajajibiwa, "Halafu Mama Faith, ile skrini ilikuwa imeharibika nikairekebisha juzi. Wewe huwa unasema sijui mashine."

"Asante," Nangila alisema.

Jioni alibeba nakala moja nyumbani Pioneer. Faith alikuwa anapiga pasi blauzi nyeusi juu ya meza, blanketi limetandikwa chini yake. Aliisimamisha pasi, akapangusa mikono, akaipokea programu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mchungaji. Hakuangalia jalada. Aliufungua ukurasa wa watoto moja kwa moja. Macho yake yalishuka, yakapanda, yakashuka tena. Nangila alimwona akikoma kusoma, ingawa hakuinua uso.

"Walikataa," Nangila alisema.

"Naona."

"Mama Kevin aliogopa mambo ya korti. Ana watoto bado..."

"Mama, naona."

Kisha akaifunga na kuliona jalada. Alilitazama muda mrefu. Aliijua picha hiyo; nakala yake ilikuwa ndani ya simu yake, na alijua vizuri mkono wake ulikuwa wapi siku hiyo. Alipitisha kidole gumba juu ya bega la kijivu, akaisogeza karatasi karibu na taa, akaiinamisha, jinsi mama yake alivyomfundisha kukagua kazi.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Wangeenda kwingine."

"Wangeweka ile ya kitambulisho."

Pasi ilikuwa ikipoa juu ya meza.

"Haionekani," alisema. "Hata mimi nisingejua nilikuwa hapo."

Akamrudishia mama yake programu, jalada likiwa juu. Akaichomoa pasi ukutani, akaikunja blauzi nyeusi iliyopigwa upande mmoja tu, na kuirudisha ndani ya begi la chuo.

"Kesho utaenda peke yako," alisema. "Mimi sina mtu wa kuzika huko."